Malaika Alibadili Nguo

Tarehe 14 Septemba 1957, siku ya posho, Bwana Kioo alirudi toka likizo ya Ulaya, akaingia ndani na kofia yake kichwani, akainama mbele ya sanduku la samaki, akasema: "Hii si samaki yangu."

Toka saa ile mambo yangu yaliharibika. Lakini nianze na uzuri, maana uzuri ulikuwa mwingi.

Mimi ni Isidore, muntu wa Nyabiondo, kwenye maharagi. Nilitumika ndani ya nyumba ya mukubwa wa kambi ya madini, kwenye barabara ya Walikale, karibu na Mubi. Jina la Bwana Kioo tulimupa sisi, kwa sababu ya lile sanduku. Lilikuwa la vioo, refu kama kitanda cha mutoto, na ndani mulikuwa maji ya bahari. Bahari yenyewe! Ilitoka Mombasa ndani ya machupa makubwa yaliyovikwa vikapu, kwa treni, kisha kwa kamio, gari la mizigo, mpaka kwenye pori letu ambako mvua haijui kuchoka. Ndani ya maji yale alikaa samaki mumoja, buluu ya giza karibu nyeusi, na duara nyeupe mwilini, duara ndani ya duara, kama mutoto aliyechora na chokaa akakataa kuacha. Wazungu wanaita aina ile malaika. Sisi tukamuita Malaika, basi.

Kabla ya kwenda, Bwana alinionyesha kazi. Maji yakipunguka, niongeze maji ya mvua, si ya chumvi, kwa sababu maji njo yanakwenda na hewa, chumvi inabaki. Aliniachia kipimo cha chumvi, cha kioo, kinachoelea. Kambi akamuachia Bwana Mudogo, muzungu wa chini yake. Huyu, siku ya kwanza, alichezea kipimo kile mpaka kikavunjika. "Si kitu," alisema. Kwa wakubwa, kitu cha kulinda muntu mwengine si kitu.

Njo Euphrasie, bibi yangu wa ndoa, akaingia katika kazi. Yeye alikuwa muntu wa Walikale, na mama yake alipikaka chumvi ya majivu, ya majani ya mutoni. Ulimi wake ulijua chumvi kama padiri anavyojua misa. Chupa moja ya bahari ilikuwa imebaki, imefungwa vizuri. Alitia kidole ndani ya chupa, akalamba. Akatia kingine ndani ya sanduku, akalamba.

"Inazidi. Lete ya mvua."

Athanase, mupishi wa Bwana, alikuwa anatuchungulia toka mulangoni. "Mama Euphrasie! Unaonja supu, na samaki angali anaogelea?"

"Nyamaza, kaka. Supu yako wewe, nani aliionja mara mbili?"

Athanase alicheka mpaka akashika mulango. Ndoto yake juu ya Malaika ilikuwa moja tu: mawese na pilipili. Kila asubuhi alipita kumusalimia: "Umeamuka, mboga?"

Euphrasie alimulisha majani ya lengalenga ya kuchemusha na nyama ya kaa wa mutoni, ameisaga laini kama ya kulisha mutoto asiye na meno. Mwanzoni Malaika alijificha nyuma ya jiwe. Kisha akazoea kuja kwenye kona ya kushoto, kona moja tu, na kula kwenye vidole vyake. Akishiba alimugonga kidogo na mudomo, na Euphrasie alicheka, "Wewe, ni mukono wangu huo!" Bwana Mudogo alipozima moteri ya umeme muchana eti mazuti, mafuta yake, inapotea, kamashine ka kupuliza hewa majini nako kakanyamaza. Euphrasie akachukua kikombe, akawa anateka maji na kuyamwanga toka juu ili yapate hewa, huku anamuimbia samaki mambo ya kwao. Sisi hatukupata mutoto. Nalisema mara moja, sitalirudilia.

Siku moja aliniita kwa sauti ya kuficha kitu. "Papa Isidore, tazama mukia."

Nikaona rangi ya manjano pale ambapo haikuwako. Nikasema ni ugonjwa, Bwana ataniua.

"Mugonjwa gani anakula hivi?" akasema. "Anabadili nguo. Ngoja tuone atavaa nini."

Yeye hakuona. Homa ilimushika, nikaenda kuomba kamio imufikishe hospitali. Bwana Mudogo alinijibu bila kuinua macho kwamba kamio iko ya madini. Ilisimama pale nje, tupu, ninaiona kwa dirisha lake. Tulimubeba kwa kipoyi, machela ya miti, mimi na Athanase na wengine wawili, na alituishia njiani, kwenye kilima, mbele ya kufika. Maneno yake ya mwisho yenye kueleweka yalikuwa: "Amekula?"

Nikarudi, nikamulisha. Ningefanya nini kingine? Ulimi wangu haukujua chumvi kama wake, lakini nililamba ya chupa, nikalamba ya sanduku, nikajaribu kuukumbuka uso wake alipokuwa anaonja. Duara zikafifia. Mistari ya manjano ikashuka mwili muzima, na machoni akavaa giza kama kitambaa. Alikuwa muzuri kupita zamani. Kila mustari mupya nilimusimulia Euphrasie, kwa sauti, kama anasimama pale na kikombe chake. Athanase alinisikia. Toka siku ile hakumuita samaki mboga tena.

Sasa munajua Bwana alikuta nini.

"Yangu ilikuwa na duara," alisema. "Hii iko na mistari. Yangu mulikula!" Akamugeukia Athanase.

"Bwana, hata mwiba sikuonja!"

"Ni yeye, Bwana," nikasema. "Alibadili nguo. Na kama si yeye, huyu nilimutoa wapi? Muto Oso?"

"Wezi munajua njia zenu."

Nikaweka kidole kwenye kona ya kushoto. Malaika akaja mbio, akafungua mudomo. Samaki mugeni gani anajua kona ya Euphrasie? Lakini Bwana alikuwa amekwisha kugeuka, anamuita kalani aje afute jina langu kwenye kitabu cha kazi.

Nikamufuata mpaka barazani. "Bwana, kwa kuwa si yako, unipe mimi. Bibi yangu alimulea."

Akaniambia nitoke kambini.

Nilitoka. Nimezeeka hapa Nyabiondo kati ya maharagi, na chupa ile tupu ya bahari ninayo, Athanase aliniletea. Njo yeye alinisimulia kwamba Bwana alipohamishwa Bukavu, aliacha vitanda, aliacha meza, aliacha hata mbwa wake. Lakini yule samaki wa mistari alimubeba mwenyewe ndani ya gari, ndoo katikati ya magoti, anamufunika na koti asipate baridi.

Nilimuuliza kalani, akacheka. Nilimuuliza padiri, akanishika bega. Kama Malaika hakuwa wake, kwa nini alimubeba?