Kisigino Kilichozibwa kwa Lami

Bati likikukata nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, halikuumizi papo hapo. Kwanza linakuacha ushangae. Nilishangaa, nikatazama chini, kiatu kimejaa damu. Mwenzangu wa kuezeka, tuliyemwita Kasuku kwa sababu hanyamazi, alifanya anachofanya kila mwezekaji akiona kitu kinavuja: alichukua kitambaa, akakipaka lami tuliyokuwa tukizibia matundu ya misumari, akanifunga.

Damu ikakata. Tukapongezana, wajinga wawili, akapanda kumalizia paa huku mimi nikimpigia kelele kutoka chini.

Wiki kadhaa niliburuza mguu nikimwambia mke wangu ni mkwaruzo tu. Yeye alisema mkwaruzo haunuki. Jioni niliyovua soksi karibu na meza, alisukuma sahani yake pembeni, akaita teksi bila kuniuliza.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamama mfupi asiyependa kurudia maneno. Alichokonoa ule weusi kwa kibano.

"Nani alikuziba hivi?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Mabati."

Hakucheka. Aliniambia kano, ile kamba ngumu inayovuta kisigino ukitembea, imekatika na ncha zake zimeoza, na ngozi ya juu imekufa. Kushona haiwezekani, maana hakuna cha kushona. Angekata kipande cha paja langu, ngozi pamoja na utando mgumu wa chini yake. Utando aukunje uwe kano mpya, ngozi ifunike tundu, kisha aunge vimishipa vya damu vyembamba kama uzi. Nilitaka kujua jambo moja tu: nitapanda ngazi tena? Akasema labda, kiraka kikipona, na nikiacha sigara, kwa sababu moshi hubana vile vimishipa na kiraka hufa. Nikasema nitajaribu.

"Usijaribu. Acha, au niukate mguu leo tupunguze safari."

Kiraka kilishika. Kilikuwa kinene kama mto wa kochi, na nywele za paja ziliendelea kuota kisiginoni bila aibu. Kasuku alipokuja kunijulia hali aliuliza kama huwa ninakichana.

Kilichobaki kilikuwa kusimama kwa vidole. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alinitaka niinue kisigino kila siku. Mimi nililalamika, nikakaa. Bila hicho hakuna ngazi, na bila ngazi mimi ni mwanamume wa kugombana na redio.

Pakiti yangu ya mwisho ya sigara mke wangu aliiweka juu ya kabati, nikimwona. Kiti sikuthubutu kupanda. Mwezekaji mzima anaogopa kiti, usimwambie Kasuku. Nikiinukia mguu mzima peke yake, ule mwingine uliniangusha upande kama mlango uliolegea bawaba. Basi kila mke wangu alipokwenda sokoni nilishika kabati, nikajivuta kwa miguu yote miwili, nikatukana, nikashuka.

Asubuhi moja ile kano mpya iliyotoka pajani ilikaza. Kisigino kikanyanyuka na kubaki juu. Nikaidaka pakiti.

Ndani hamkuwa na sigara hata moja. Mlikuwa na wembe mpya.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake, sijui tangu saa ngapi.

"Nilishaanza kukukatia tamaa," alisema. "Nyoa hicho kisigino, bwana, ukamtafute Kasuku."