Jina la Azza

Wiki nzima Azza hakukaa kitako. Mara dirishani, mara uani, mara jikoni ambako hakuna aliyemwita, mpaka bibi yake, Thuraya, akamuuliza kama amekalia siafu.

Posa ilikuwa imeletwa kutoka Tanga, na baba yake alitaka jibu baada ya harusi ya Zeina, binti ami yake. Azza alimtaka Humoud, mwimbaji wa mtaa, na Humoud alimtaka yeye, ila mbele ya watu hakuwahi kutamka jina lake. Kwenye nyimbo zake Azza alikuwa "ua", basi.

"Kariakoo imejaa maua," alimwambia kupitia dirisha la uani. "Santuri za dukani kwa Champaklal siku hizi zinamtaja mtu kwa jina lake. Nitaje kwenye harusi ya Zeina, nami nitaikataa posa. Usiponitaja, naenda Tanga."

Bibi alisikia yote. "Enzi zetu tuliitwa lulu, tuliitwa tausi, na mwenyewe akijijua. Jina la mwanamwali halitupwi barazani."

Azza aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini moyoni hakukubali. Fumbo halimgharimu anayeliimba.

Siku ya harusi Humoud akaimba. Ua langu, ua la faragha. Sauti tamu, hilo halina ubishi. Na desturi ni ile ile: wimbo ukikugusa, unainuka kumtuza mwimbaji. Akainuka mke wa muuza khanga. Akainuka mama mdogo wa Zeina. Mjane mmoja wa Ilala, meno yamebaki mawili, akampachika ua la kilua kifuani huku anakata kiuno. Kila mmoja ua ni yeye! Azza alikaa pale pale, yasmini aliyokuja nayo kumtuza ikasagika kiganjani. Mwanamume mzima, jina tu limemshinda.

Kesho yake akamwambia baba kwamba amekubali.

Kwenye harusi ya Azza, Humoud akaalikwa kuimba. Azza, ndani alikokalishwa, akamsikia akianza na ua, akakwama. Kisha akaita, "Azza." Akaita tena, "Azza wangu."

Vigelegele vikapaa. Wanawake wakagombea kumtuza, na wakwe wa Tanga wakasema kijana huyu anajua kumsifu bi harusi.

"Umesikia?" bibi alimnong'oneza, amemshika mkono.

"Nimesikia, bibi."

Azza akalia, na hakuna aliyeshangaa, maana mabibi harusi wote hulia.