Antena ya Kumsikia Bamurange

Dada yangu Bamurange alizidiwa na ugonjwa sisi tukiwa Louisville, Marekani, na gari letu halikuwa linashika mtandao.

Mwanangu Samsoni alikuwa amenunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, kwa sababu kazi zake za ghalani zilikuwa za msimu, leo mji huu, kesho mji ule. Tuliliegesha karibu na Okolona, katikati ya magari mengine ya namna hiyo. Bati lake lilizuia kila kitu. Simu yangu haikuwa na laini, ilitegemea wifi ya simu ya Samsoni, na simu ya Samsoni ukiiingiza ndani ilikuwa kama umeifukia. Nikitaka kusikia ujumbe wa sauti kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, alikokuwa dada, nilikwenda kusimama nje ya chumba cha kufulia, kwenye baridi, nikaokota wifi ya pale. Mzungu mmoja mzee, jirani yetu, aliniona, akaleta kiti chake cha kukunja akakiacha ukutani. Kila asubuhi nilikikuta kimepanguswa umande.

Ndipo hapo nilipousikia ujumbe wa dada. Sauti ilikatikakatika.

"Fides, mdogo wangu… kifua kimekataa… Usikubali nizikwe sijasikia sauti yako."

Samsoni akanunua busta ya kukuza nguvu ya mtandao: antena moja ya kuweka juu ya paa, kisanduku cha katikati, na antena ndogo ya ndani. Akaifunga mwenyewe. Kisanduku kikawasha taa nyekundu, na mtandao ukawa mbaya kuliko mwanzo.

Kazi ilipokwisha, mwezi wa nne mwaka 2016, tukaondoka kwenda Buffalo kwa binti yangu Spés. Njiani tulilala Columbus, kwenye mtaa wa wanafunzi, kwa rafiki yake Samsoni anayeitwa Bagula, kijana wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Chai ilikuwa haijachemka, yeye tayari yuko juu ya paa.

"Kaka Samsoni," akaita kutoka huko, "hii antene uliifungaka na misumari ao na maombi?"

"Nilifuata maelekezo!"

"Ya mtu gani? Bon, sikia. Hii ya inje na ile ya ndani ziko karibu sana. Zinasikilizana zenyewe, donc haziwezi kusikia mnara. Ni kama mikrofoni ya kanisa ikiwa mbele ya spika. Mama, kwenu kanisani inapigaka kelele, ama?"

"Inapiga, mwanangu. Kila Jumapili."

"Basi, Samsoni amekuletea Jumapili ndani ya gari."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Ndicho kicheko changu cha mwisho katika safari ile. Bagula akapeleka antena ya juu nyuma kabisa ya paa, akainyanyua kwenye mti mrefu, ile ya ndani akaileta mbele karibu na dereva. Taa ikawa ya kijani. Nikapiga simu Nyarugusu, akapokea Ngarambe, mtoto wa dada, na nilimsikia kana kwamba yuko jikoni.

"Amelala, mama mdogo. Usingizi umekuja kwa shida. Piga kesho mchana wa huku, nitamwekea simu sikioni."

Nikalala na simu kifuani.

Asubuhi taa ilikuwa imezimika. Samsoni alikuwa nje amesimama, amenipa mgongo, anatazama simu yake. Aliponisikia aliitia mfukoni haraka.

"Busta imekufa, Mama."

"Si Bagula aje aiangalie?"

"Ameenda darasani. Twende tu. Tutatengeneza Buffalo."

"Na dada? Nimeahidi kupiga."

"Tutapiga tukifika."

Njia yote hakuimba. Samsoni huimba akiendesha, hata kama anaumwa jino. Alisimama kwenye kituo cha mafuta, akaenda kuongea na simu nyuma ya jengo, akarudi na chai ya maziwa ambayo sikuiagiza, na keki. Mbele tena akasimama, akanifunika miguu kwa blanketi. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya barabara, na nilianza kuogopa wema wake. Alipoingia tena kituoni, niliinama chini ya meza kutafuta kiatu changu, nikaona waya wa busta. Haikuwa imekufa. Plagi ilikuwa imechomolewa, na waya umeviringwa vizuri, ukafungwa.

Kwetu Warundi mtu haambiwi msiba njiani. Haambiwi akiwa peke yake, wala akiwa na njaa. Anasubiriwa afike, aketishwe, alishwe chakula, watu wamzunguke, ndipo mzee aseme. Mimi mwenyewe nimewahi kutembea na mjane siku nzima nikimsimulia habari za mbuzi. Kwa hiyo nilielewa. Mkono wangu ulikuwa umeshika plagi. Ningeichomeka, ningejua. Lakini nilimwona mwanangu kupitia dirishani, anafuta uso kwa mkono wa shati kabla ya kuja kwangu, nikaiacha plagi pale pale. Mtu anayekubebea mzigo kwa upendo, humnyang'anyi njiani. Sikuuliza tena habari za dada.

Buffalo tulifika alasiri, mvua ikinyesha. Nyumba ya Spés ni ya mbao, kule West Side, na ukumbi wake ulikuwa umejaa viatu. Spés alinikumbatia, hakuniuliza habari za safari. Ndani wanawake wa kanisa walikuwa wameketi. Nikapewa maharagwe na chai. Nilimeza kila kijiko, maana walikuwa wameacha kazi zao kwa ajili yangu. Kisha mzee Nshimirimana, kiongozi wetu wa kanisa, akavua kofia.

"Mama Fides," akasema, "dada yako Bamurange…"

Simu yangu ikalia mkobani. Iliikumbuka wifi ya Spés, na ujumbe ukawa unaingia, mmoja juu ya mwingine. Spés alinyoosha mkono kuichukua. Nikawahi. Ujumbe wote ulikuwa wa Ngarambe, na wa mwisho, wa muda si mrefu, niliufungua kwa sauti, watu wote wakasikia.

"Mama mdogo, mbona hupigi? Ameamka tangu mchana, anakuuliza wewe tu. Pumzi inapungua. Nimeweka picha yake kwenye Watsapu yangu ili ndugu wamwombee. Piga, tafadhali."

Samsoni akakaa chini sakafuni. Alikuwa ameiona picha ile asubuhi, Spés naye ameiona, kanisa zima limeiona. Watu wetu huweka picha ya mtu akishafariki. Hakuna aliyempigia Ngarambe, maana nani anapigia nyumba ya msiba kuuliza kama ni kweli? Na hakuna aliyeandika pole kwenye kundi la ukoo, kwa kuwa mimi nimo na ningesoma.

Nikapiga. Ikalia, ikakatika. Simu zote za waombolezaji zilikuwa zinakula wifi ile ile.

"Samsoni," nikasema, "inuka, baba. Kaichomeke."

Alikimbia mvuani bila viatu. Nikamfuata, Spés akinishika mkono, wanawake nyuma yetu, wakajibana garini na wengine wakasimama mlangoni wakilowa. Samsoni akachomeka plagi. "Nisamehe, Mama." Nikamshika kichwa, nikapiga.

Ngarambe akapokea. Alisema tu, "Nakuweka sikioni pake."

Nilisikia pumzi, nzito, yenye mikwaruzo.

"Dada Bamurange. Ni Fides."

Pumzi ikasimama kidogo, kisha ikatoka sauti ndogo. "Eeh… Umekuja."

"Nimekuja."

Nikamwambia juu ya kiti cha yule mzungu. Nikamwambia juu ya Bagula na mikrofoni ya kanisa, na nadhani alijaribu kucheka. Nikamwambia mvua inanyesha. Niliendelea kusema, hata nilipoacha kuisikia pumzi, maana sikutaka kunyamaza mimi kwanza.

Halafu kitambaa kikasugua simu, na Ngarambe akarudi.

"Mama mdogo," akasema polepole, "hapo ulipo, uko na watu?"

Niliwatazama. Mzee Nshimirimana alikuwa kwenye ngazi, kofia mkononi, maji yakimtiririka usoni.

"Niko na watu, mwanangu," nikasema. "Sema."