Magodoro Elfu Arobaini na Mbili

Jina la Sifuri alilipata siku ya Ijumaa, saa sita na dakika mbili mchana, katika maabara ya kompyuta ya chuo, mbele ya darasa zima. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu tu, binti wa muuza mabeseni, anayekaa dirishani na kunyamaza.

Somo lilikuwa la mikakati ya biashara, na Mwalimu hakulifundisha kwa kusomea watu vitini. Aliligeuza darasa kuwa soko. Aliwagawa wanafunzi katika kampuni sita, kila kampuni akaipa kiwanda cha magodoro ndani ya kompyuta. Kila Ijumaa, kabla ya saa sita, kampuni huamua: itengeneze magodoro mangapi, iuze bei gani, itangaze kiasi gani. Saa ikigonga, kompyuta inafunga mlango, inazigonganisha akili zote sita, inatoa majibu. Raundi nane. Kampuni ikifilisika kabla ya hapo, wenyewe wamefeli.

Na binti huyu hakuwa na pa kufelia tena. Mwaka uliopita somo hilihili lilimwangusha. Barua ya mkuu wa kitivo alitembea nayo kwenye begi, imekunjwa mara nne: ukifeli mara ya pili, chuo basi.

Ilikuwa raundi ya sita, na kibodi ilikuwa mikononi mwake. Nahodha wa kampuni yao, kijana mwenye kifua cha kuamrisha ambaye wenzake walimbandika jina la Jemadari, alisimama nyuma yake kama yuko vitani.

"Elfu nne na mia mbili! Andika! Mbona vidole vinatembea kama konokono?"

Akaandika. Akabonyeza. Saa ikagonga.

Mwenzao wa tatu, waliyemwita Mpole kwa kuwa alikuwa hasemi mpaka alazimike, aliinamia skrini.

"Jamani," akasema taratibu, "hiyo ni elfu arobaini na mbili."

Binti akasukuma kiti nyuma. Akamkimbilia Mwalimu, mama mfupi aliyefanya kazi viwandani miaka mingi kabla ya kushika chaki.

"Mwalimu, nimezidisha sifuri moja. Ni kidole tu. Naomba unirekebishie."

"Mwanangu, kiwandani kwetu tuliwahi kukata vitambaa kwa kipimo cha mtu aliyekosea kidole. Vitambaa havikurudi kuwa majora." Akamshika bega. "Magodoro unayo. Sasa niambie utayafanyaje."

Nyuma, kicheko kilikuwa kimeshalipuka. Nahodha wa kampuni ya Nyekundu, msichana wa miwani aliyeongoza tangu raundi ya kwanza na kuitwa Bosi hata na wasiompenda, alisimama juu ya kiti.

"Shikamoo, Sifuri! Mwaka huu mkikosa pa kulala, mmependa wenyewe!"

Jina likaganda hapohapo.

Majibu yalipotoka, ghala lao lilikuwa limefurika, na benki ya mchezo, iliyowakopesha gharama ya magodoro yote hayo, ikaandika kwa wino mwekundu: msipoyapunguza magodoro hayo raundi ijayo, kiwanda kinafungwa.

"Tushushe bei!" Jemadari akapiga meza. "Bei ya kutupa! Tukifa, tufe na wote!"

"Tukishusha, nao watashusha," Mpole akasema. "Tutakufa wote kweli, ila sisi tutatangulia."

Sifuri aliwaacha wakibishana. Alichukua ripoti na kijitabu cha kanuni, akaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye kibanda cha mama yake, katikati ya mabeseni yaliyopangwa kama minara. Ng'ambo ya njia Mzee wa Ndoo aliuza ndoo na mabeseni, na kati yake na mama kulikuwa na ugomvi wa miaka tisa: kila mmoja alidai bidhaa za mwenzake zinatambaa kuziba njia.

Akaja mwalimu wa chekechea. Alitaka mabeseni kumi na mawili mekundu. Mama alikuwa nayo saba.

"Kaa kitini, dada yangu, yapo," mama akasema bila kupepesa. Kisha akamgeukia binti yake kwa sauti ya chini. "Kimbia kwa adui yangu, chukua matano. Mwambie Jumatatu namrudishia."

Mzee wa Ndoo aliyahesabu huku akinung'unika. "Mwambie mama yako ayafunge kamba yale ya mbele. Jana moja limelala kwangu."

Safari hiyo Sifuri aliifanya tangu akiwa na miaka sita, pengine mara elfu. Leo miguu iligoma katikati ya njia, mabeseni matano kichwani.

Mteja alipoondoka, akauliza, "Mama, kwa nini usimwambie tu hayapo?"

"Aende wapi? Aende soko la juu, akazoee huko? Nimkose mimi, na huyu mzee naye amkose, halafu tubaki tunagombania njia isiyopitwa na mtu?"

Sifuri akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akafungua ripoti. Darasa zima lilisoma ukurasa wa kwanza tu, ule wa nani anaongoza. Yeye akafunua wa nne. Kampuni ya Nyekundu ilikuwa imetangaza mno. Wateja elfu kumi na tisa walifika, wakakuta rafu tupu, wakaondoka. Akafungua kijitabu cha kanuni. Ukurasa wa kumi na moja, mstari mmoja mdogo: kampuni zinaweza kuuziana bidhaa kwa makubaliano yaliyotiwa saini.

Jumatatu, aliposikia wazo la kuwauzia Nyekundu, Jemadari nusura apasuke.

"Tukawapigie magoti wale? Bosi aliniita jemadari wa mito na mashuka, mbele za watu!"

"Huendi wewe. Naenda mimi."

Bosi alikuwa kantini, anatafuna.

"Umekuja kuomba msaada?"

"Siombi, nauza. Wateja wenu elfu kumi na tisa walirudi mikono mitupu. Ijumaa tangazo lenu litawaita tena, na kiwanda chenu, bila kukopa benki kama sisi, hakivuki elfu nane. Wakirudi mara ya pili bure, hawaji ya tatu."

Bosi akaacha kutafuna. "Nembo ya nani?"

"Yenu. Bandikeni mnavyotaka. Mimi nataka ghala langu lipumue."

"Na nikikupa bei ya kukutania?"

Sifuri akageuza shingo kuelekea meza ya dirishani. "Kijani wamekaa pale. Nikiwapelekea wao, hao wateja wenu watalalia godoro la Kijani."

Walivutana robo saa nzima. Mwisho Bosi akacheka, safari hii bila kejeli, akaomba kalamu.

Mwalimu aliisoma karatasi ile mara mbili. "Miaka sita ukurasa wa kumi na moja upo," akasema. "Kila mwaka wanajua wako vitani, basi hakuna anayeufungua."

Raundi ya nane ilipoisha, Nyekundu ikawa ya kwanza. Kampuni ya Sifuri ikawa ya tatu, hai, na darasa likamsikia Jemadari akinguruma, "Sifuri wetu huyo! Wenu yuko wapi?" Mpole alipiga makofi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Jioni, Sifuri aliingia kibandani na matokeo mkononi.

"Nimefaulu, mama. Tumeuza magodoro elfu thelathini."

Mama akaruka, akamkumbatia, kisha akamwachia ghafla. "Elfu thelathini! Yako wapi?"

"Hayapo. Yalikuwa ndani ya kompyuta."

Mama akatoka nje ya kibanda. Ng'ambo ya njia, Mzee wa Ndoo alikuwa ametega sikio waziwazi.

"Umemsikia binti yangu, wewe mzee? Ameuza elfu thelathini ya kitu kisichokuwepo!"

"Nimesikia," Mzee wa Ndoo akajibu. "Basi kesho mlete auze na hili beseni lako lililolala kwangu tena."