Kasoro Kwenye Majina

Simu ilipoita, mikono yake ilikuwa na povu la sabuni mpaka viwikoni. Aliifuta mikono kwenye gauni hivyo hivyo, akaipokea simu kabla haijakatika.

"Mabano! Hujambo?"

Jina hilo alipewa na huyo huyo mpigaji, mwenzake wa zamani, enzi walipofanya kazi chumba kimoja, wakipokezana kiti kimoja kibovu. Kila mara alikuwa akifungua mabano kwenye programu na kusahau kuyafunga. Hapo ndipo walipounda maktaba yao ndogo ya msimbo, kipande cha programu cha kuazimwa na wengine, nyepesi kama unyoya. Ukiipa sentensi yenye mapengo, inayajaza, hapa jina, pale tarehe, na tovuti ikamsalimu kila mgeni kwa jina lake. Watengenezaji wa tovuti wakaipenda. Kisha mwenzake akapata kazi mbali, akaenda, na kazi ya kuitunza ikamwangukia Mabano. Tangu hapo, simu zilikuwa za kasoro tu.

"Sijambo. Imeharibika nini tena?"

"Majina yenye ng'. Ile alama ya juu inageuka tarakimu na takataka. Mteja mmoja amekuja juu, anasema tumemchafulia ukoo."

Mabano alicheka, akavuta kiti mbele ya kompyuta. Kasoro aliiona papo hapo: programu ilikuwa ikiisafisha ile alama, yaani kuigeuza tarakimu za usalama, mara mbili badala ya moja. Kufuta mstari mmoja tu kungetosha. Lakini akiufuta, simu imekwisha, na hajui itaita tena lini. Basi akaanza kuzunguka. Akauliza wanatumia toleo gani. Akauliza kama wamejaribu kompyuta nyingine. Akauliza kama huko kuna baridi. Mwenzake akajibu yote bila haraka, na Mabano akawa anaisikiliza ile sauti zaidi ya maneno yake, huku akijionea haya, mtu mzima kuiba dakika kama mtoto anayechovya kidole kwenye sukari.

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta alipoona, pembeni mwa mstari ule, jina la aliyeuandika.

"Sehemu hii," alisema polepole, "uliiandika wewe."

"Ndiyo, mimi."

"Ungeirekebisha mwenyewe kabla chai haijapoa."

"Najua." Sauti ilishuka. "Kwetu hapa kazini nilisharekebisha. Tangu jana."

Upande wa pili mlango ulifunguliwa, mtu akamwita mwenzake kikaoni. Mabano akajikaza kupokea kwaheri, kama alivyozoea.

"Anzeni bila mimi," mwenzake aliwaambia.

Mlango ukafungwa. Kiti kikaburuzwa, na mwenzake akaketi juu yake, akahema.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Hata mimi bado."