Makovu ya Mama

Siku ya pili ya msiba, binti mtaalamu wa kompyuta aliikuza picha ndogo ya marehemu mama yake kwa plagini, kiprogramu cha nyongeza alichokiandika mwenyewe. Uso ukatoka laini kama wa msichana, makovu yote ya tetekuwanga yamefutika.

Alijifungia chumbani kutafuta hitilafu. Picha ikikuzwa, plagini hujaza mapengo kwa kukisia rangi kutoka pikseli, yaani nukta za picha, zilizo jirani. Yake ilichanganya jirani wengi mno, kila kovu likamezwa na ngozi iliyolizunguka. Akawapunguza, akajaribu tena. Mama akarudi na makovu yake.

"Rudisha ile ya kwanza," shangazi alisema binti alipotoka kuwaonyesha yeye na baba. "Watu wasimwone hivi."

"Shangazi, si wewe uliyembandika jina la Madoadoa? Miaka yote hiyo ulikuwa unamcheka!"

Aliyejibu ni baba, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, usituaibishe mbele ya wageni."

Binti akameza machungu yake, akairudisha hitilafu, akachapisha. Sebuleni waombolezaji wakaisifu picha, na shangazi akalia kwa sauti kubwa kuliko wote.