Dawa ya Kumkausha Juliana

Agustino alikuwa mwanamume mwenye haya. Mwenyewe alimwambia hivyo kila aliyekaa naye kilabuni. Haya hizo ndizo zilizomzuia kuingia kwa nesi Hidaya kule Morogoro mjini, mlango umefungwa, aelezwe kwa nini mkewe anaumia kitandani. Alibaki nje akitafuna muhindi wa kuchoma. Lakini kuwaita wazee nyumbani Mgeta na kuwatangazia kwamba Juliana, tangu akatwe titi, amemnyima unyumba, hapo haya zilikwenda likizo.

Juliana alikuwa jikoni akisikia yote. Hakulia. Machozi alikwisha kuyamwaga wodini, na hakuona sababu ya kumpotezea mengine mtu aliyeshindwa kutafuna na kusikiliza kwa wakati mmoja.

Alichokitaka kilikuwa kidogo tu: alale na mumewe, afurahi kama zamani. Hidaya alikuwa amemweleza bila kupepesa macho. Vile vidonge vya kuzuia saratani isirudi humkausha mwanamke hadi kule chini, ngozi ikawa nyepesi, ikachanika upesi, na tendo lenyewe likageuka mateso. Kuna kilainishi kwenye maduka ya dawa, kuna kwenda polepole, kuna kuzungumza. Mlete mumeo, alisema. Juliana aliyarudia hayo kwa Agustino mpaka akachoka. Yeye alishika neno moja tu, kwamba mke hataki.

Wazee nao wakaamua upesi, kama wanavyoamua wasiojua. Juliana amesahau mafunzo. Aitwe kungwi wake, Bibi Kristina, amweke ndani upya kama mwali. Mwanamke aliyezaa, anayelima karoti kwenye mteremko unaomshinda mbuzi, aliyechomwa sindano za saratani akatapika mpaka nyongo, eti akafundwe! Mjomba Paulo ndiye aliyekuwa na sauti, maana nyumba na shamba ni vya ukoo wa mama yake Juliana. Aliitumia sauti hiyo kukohoa, kisha akakubali.

Jumamosi Bibi Kristina akafika. Juliana akamwamkia shikamoo, akaingia naye chumbani. Wanaume wakabaki barazani kungoja mke atengenezwe. Kungwi akafungua kitambaa, akatoa vipande vya shabu, lile jiwe jeupe la kukaushia na kukazia, ambalo Agustino alilinunua mwenyewe sokoni. Kwa elimu ya Bibi Kristina, wanawake wote wana ugonjwa mmoja: wamelegea, wamelowa, waume wamewachoka. Akalisaga jiwe kwenye sahani, akaanza kueleza namna ya kujipaka ndani.

Juliana akautazama ule unga. Hasira alikuwa nayo, ila dharau iliizidi. Mwili umekauka mpaka unachanika, nao wanamletea kikausho! Akachukua sahani, akapitia kiazi cha kuchemsha jikoni, akatoka navyo barazani, akamwendea mumewe.

“Baba Elia, weka hii ulimini, halafu utafune hiki kiazi.”

Agustino akacheka. Bibi Kristina akaja mbio akisema hiyo si dawa ya kulambwa. Juliana hakumjali, alisimama na sahani yake mpaka kicheko kikaisha. Mbele ya mjomba wa mkewe, mwanamume hawezi kuonekana anaogopa unga. Akaulamba. Mate yakamkauka, midomo ikajikunja, kiazi kikamganda kooni, na macho yakamtoka. Akanyoosha mkono kuomba maji.

“Huo ni mdomo, tena hauna kidonda,” Juliana alisema. “Mimi huwa hivyo kila unaponijia. Nikakwambia naumia, ukasema najifanya.”

Mjomba Paulo akaangalia miguu yake. Bibi Kristina akaanza kukikunja kitambaa, akikosea kukikunja. Agustino alikunywa, akasukutua, akatema, kisha akasema kwamba basi, Jumatatu atamsindikiza kwa yule nesi. Alisema hivyo kama anayetoa zawadi.

“Jumatatu nitakwenda, na siendi kwa ajili yako,” Juliana alisema. “Mwili huu umeteseka na mimi, utafurahi na mimi kwanza. Ukitaka kuja, njoo ukae ndani usikilize, na usipoelewa, uliza. Ukibaki nje tena, hukohuko nje utafute na pa kulala. Hapa ni kwetu.”